Jiwe la kupikwa: jinsi kauri inavyofunga taka za nyuklia, na mawe ya Shinkolobwe yanavyoipima

Aliyewahi kujenga pembezoni mwa Lubumbashi anajua kulitofautisha tofali lililoiva na lililobabuka tu. Udongo ni ule ule wa kichuguu, kalibu ya kufyatulia ni ile ile, tanuri ni moja. Lakini tofali lililokaa karibu na mdomo wa moto, ukiligonga kwa kucha, linalia kama kengele. Lile la ukingoni linatoa sauti nzito. Mvua za Desemba zikishika kasi, la kwanza linabaki na kona zake na la pili linarudi kuwa tope. Ndani ya tofali lililoiva, sehemu ya udongo imeyeyuka ikawa kioo chembamba cha kugandisha, na madini mengine yamejipanga upya kuwa fuwele ambazo maji hayaziwezi kirahisi.

Watafiti wa kauri za kufungia taka kali za nyuklia wanafanya kazi ya ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba mvua wanayoihofia ni ya miaka laki moja.

Jambo hili halipaswi kuwa geni Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, uligunduliwa mwaka 1915 na ulianza kuchimbwa mwaka 1921 kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yake ya urani hadi New York, na kuanzia 1942 mawe hayo yakaingia katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, TRICO I, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Historia hiyo ya bomu imesimuliwa mara nyingi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba mawe ya Shinkolobwe yanatumika pia upande wa pili wa safari, pale watu wanapojiuliza taka zikae wapi na kwa muda gani.

Ni taka gani hasa

Fueli ikitoka kinuni, karibu asilimia 95 yake bado ni urani. Asilimia 1 hivi ni plutoniamu, na kama asilimia 4 ni vipande vya atomu zilizopasuka. Nchi zinazochuja fueli hiyo, kama Ufaransa, huiyeyusha katika asidi ya nitriki, huondoa urani na plutoniamu, na hubaki na kimiminika chenye elementi zaidi ya 30 kwa pamoja.

Ndani yake kuna makundi mawili yanayotesa kwa njia tofauti. Kundi la kwanza ni sesiamu-137 na strontiamu-90. Nusu-maisha yao, yaani muda ambao nusu ya atomu huwa zimeshabadilika, ni miaka 30 hivi. Ndiyo yanayotoa joto na mionzi mikali ya mwanzo, na baada ya karne tatu yamekwisha nguvu. Kundi la pili halina haraka: amerisiamu-241 ina nusu-maisha ya miaka 432, plutoniamu-239 miaka 24,100, neptuniamu-237 zaidi ya miaka milioni 2. Sanduku la chuma linaweza kulisubiri kundi la kwanza. La pili litalizika sanduku, na litakalobaki kulizuia ni lile gimba ambalo atomu zenyewe zimefungwa ndani yake.

Kioo, kinachofanya kazi tayari

Njia inayotumika viwandani ni kioo cha borosilikati, ndugu wa vyombo vya kioo vya maabara. Marcoule, Ufaransa, ilianza kukipika kwa kiwango cha kiwanda mwaka 1978, kisha La Hague ikafuata. Taka hukaushwa, huchanganywa na vipande vya kioo, huyeyushwa kwa nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, halafu humiminwa katika mkebe wa chuma kisichoshika kutu. Mkebe mmoja wa La Hague hubeba kilo 400 hivi za kioo.

Anayekibeza kioo hajafikiria ugumu wa kufanya kazi hiyo nyuma ya ukuta mnene wa zege, kwa mikono ya mashine, mahali ambapo kifaa kikiharibika hakuna fundi wa kuingia na spana. Kioo humeza karibu kila kitu, hakichagui sana vipimo, na humiminika chenyewe. Hiyo ni sifa kubwa.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu yake. Kinameza kila kitu kwa sababu atomu zake hazina mpangilio: hakuna chumba maalumu cha mtu yeyote. Maji ya moto yakikigusa, huanza kwa kuchota sodiamu na boroni, na ngozi ya jeli hujengeka juu. Molibdeniamu na salfa zikizidi, hazimezwi: hutengana na kuelea kama tabaka la njano linaloyeyuka majini kama chumvi, na ndani ya tabaka hilo sesiamu hupenda kujificha. Fundi wa kioo cha nyuklia analiogopa tabaka hilo la njano kuliko ufa.

Swali la Ringwood

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Ringwood, mwanajiokemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alilitazama tatizo hili kwa jicho la mtu wa mawe. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchunguza madini ya tumbo la dunia. Madini ya ringwudaiti yamepewa jina lake. Badala ya kuuliza ni gimba gani litameza taka zote, aliuliza: ni madini gani ambayo tayari yameshika urani, toriamu, bariamu na strontiamu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, katika miamba yenye maji na joto, bila kuziachia? Ukishayajua, yapike mwenyewe, na uweke taka katika nafasi ambazo maumbile yaliziweka elementi hizo.

Jiwe hilo la kutengenezwa aliliita Synroc, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1979. Linajengwa kwa madini manne ya titaniamu.

Zirkonoliti, CaZrTi₂O₇, ndiyo chumba cha wazee: urani, plutoniamu na toriamu hukaa katika nafasi za kalsiamu au zirkoniamu. Holanditi ina vichuguu vilivyonyooka kupita katikati ya fuwele, vyenye bariamu ndani. Sesiamu, ambayo ni atomu kubwa na inayotoroka kirahisi kuliko zote, huingia humo na kubanwa kati ya bariamu kama msafiri wa kiti cha katikati. Perovskiti, CaTiO₃, hupokea strontiamu katika nafasi ya kalsiamu. Rutili, yaani titaniamu na oksijeni peke yake, haipokei mgeni mkubwa, lakini ziada yake hulinda mchanganyiko usiyumbe pale taka zinapobadilika kidogo kutoka ndoo moja hadi nyingine. Metali kama ruteniamu na paladiamu hubaki kama punje ndogo za aloi.

Hapa kuna kanuni ambayo wanafunzi huikosa mara nyingi. Ukubwa wa atomu kutosha katika chumba hakutoshi. Chaji nayo lazima ilingane. Plutoniamu yenye chaji +4 ikikaa mahali pa kalsiamu yenye +2, kumeongezeka chaji mbili. Fuwele haikubali deni hilo. Kwa hiyo aluminiamu mbili zenye +3 huwekwa mahali pa titaniamu mbili zenye +4, na hesabu inafunga. Ukisahau aluminiamu hiyo katika mapishi, plutoniamu itatafuta pengine pa kwenda, na utaikuta imejitenga kama oksidi yake yenyewe kando ya fuwele uliyoijenga kwa ajili yake.

Mapishi

Unga wa Synroc kabla ya taka una oksidi ya titaniamu asilimia 71 hivi, oksidi ya kalsiamu 11, ya zirkoniamu 7, ya bariamu 6 na ya aluminiamu 5, kwa uzito. Taka za majimaji humwagwa juu yake hadi zifike asilimia 20 ya uzito mkavu. Uji huo hukaushwa na kuchomwa kwa nyuzi 750 hivi katika tanuru linalozunguka, ndani ya mchanganyiko wa nitrojeni na hidrojeni kidogo. Baada ya hapo huongezwa unga wa metali ya titaniamu, asilimia 2.

Asilimia 2 hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama jiwe litafaa. Titaniamu ni mlafi wa oksijeni. Ikiwa oksijeni itabaki ya kutosha, molibdeniamu huungana nayo na kumvuta sesiamu, na mnapata chumvi ile ile inayoyeyuka majini ambayo mafundi wa kioo wanaikimbia. Titaniamu ikishainyonya oksijeni, molibdeniamu hubaki metali, na sesiamu haina pa kwenda ila kwenye vichuguu vya holanditi. Wakati huo huo, baadhi ya titaniamu hupungukiwa chaji na kuwa +3, chaji ambayo holanditi inaihitaji ili ijenge kuta zake. Ndiyo maana Synroc nzuri hutoka nyeusi. Ikitoka na rangi hafifu, ya maziwa au kahawia nyepesi, mpishi ajue hewa imeingia.

Unga hutiwa katika mkebe wa chuma wenye mikunjo kama kodiani, hufungwa, na hukandamizwa kwa nyuzi 1,150 hadi 1,200 kwa shinikizo la megapaskali 20 hivi, sawa na kilo 200 juu ya kila sentimita mraba. Mikunjo ina kazi: mkebe laini ungevimba ubavuni na kukwama ndani ya mashine, wakati wa mikunjo hushuka wima na kubaki na kipenyo chake. Kuzibwa kwa mkebe kunasaidia jambo jingine. Sesiamu huanza kutoroka kama mvuke tanuru likipita nyuzi 1,000, na katika tanuru la wazi utapika jiwe safi kabisa huku sesiamu yako ikiwa imeganda kwenye bomba la moshi. Njia ya siku hizi, ambayo shirika la nyuklia la Australia, ANSTO, huko Lucas Heights, limeiendeleza, hukandamiza mkebe pande zote kwa gesi ya argoni badala ya pistoni.

Mapishi haya yanataka uaminifu kwa aina ya taka. Taka za viwanda vya silaha vya Marekani zina sodiamu, chuma na aluminiamu nyingi, na Ringwood ilibidi atunge mapishi mengine kwa ajili yake, ambayo ndani yake sodiamu huenda kwenye madini yaitwayo nefelini. Nefelini huyeyuka majini upesi kuliko titanati, yaani yale madini ya titaniamu. Kwa hiyo neno "Synroc" peke yake halikuhakikishii kitu; uliza kwanza ni mapishi yapi, na kwa taka zipi.

Kupika zirkonoliti bila mionzi

Sehemu kubwa ya elimu hii inaweza kufanywa katika maabara yoyote yenye tanuru la umeme linalofika nyuzi 1,400, bila chembe ya plutoniamu. Seriamu hukaimu nafasi ya plutoniamu, na sesiamu na strontiamu za kawaida, zisizo na mionzi, hukaimu ndugu zao.

Kwa gramu 100 za zirkonoliti tupu, pima gramu 29.5 za kalsiamu kaboneti, gramu 36.3 za oksidi ya zirkoniamu na gramu 47.1 za oksidi ya titaniamu. Jumla ni karibu gramu 113. Gramu 13 zitaondoka kama kaboni dioksidi. Kausha kila unga katika oveni usiku kucha kabla ya kupima, hasa masika, maana unga uliovuta unyevu wa Januari unakudanganya kwenye mizani na uwiano wote unakwenda kombo. Saga pamoja katika kinu cha mipira, ndani ya pombe, kwa saa kadhaa. Kausha, kisha choma kwa nyuzi 900 hivi mpaka kaboni dioksidi yote itoke. Saga tena. Kandamiza kuwa vidonge, halafu choma kwa nyuzi 1,350 hadi 1,400 kwa saa nyingi, 20 zikiwezekana.

Makosa ni yale yale kila mahali. Anayeruka uchomaji wa nyuzi 900 hupata vidonge vilivyopasuka, kwa sababu gesi ilitafuta njia wakati kidonge kimeshaanza kujifunga. Anayesaga kwa kinu cha mkono kwa nusu saa hupata perovskiti upande mmoja na oksidi ya zirkoniamu iliyokaa bila kazi upande mwingine. Picha ya miale ya eksi itamuonyesha vilele vya wageni ambao hakuwaalika. Dawa si kuongeza joto. Ni kusaga upya na kuchoma upya.

Pima msongamano kwa njia ya Arkimedesi, kidonge kikavu na kidonge kilichozamishwa. Zirkonoliti kamili ni karibu gramu 4.4 kwa sentimita ya ujazo. Ukipata chini ya asilimia 90 ya hapo, kidonge chako kina vinyweleo vilivyounganika, na jaribio lolote la maji utakalolifanya litapima vinyweleo, si madini.

Na seriamu isiaminiwe kupita kiasi. Kwenye joto la tanuru, seriamu huporomoka kutoka chaji +4 hadi +3 kirahisi kuliko plutoniamu. Mtu anaweza kuandika kwamba "plutoniamu" yake ilikaa katika nafasi ya kalsiamu kumbe ni tabia ya seriamu peke yake.

Jaribio la maji la kawaida huweka kipande kilichosuguliwa katika maji safi ya nyuzi 90 kwa siku 28, kisha maji hupimwa kuona nini kimetoka kwa kila mita mraba ya uso. Kwa kipimo hiki titanati huachilia aktinidi, yaani urani, plutoniamu na jamaa zao, mamia hadi maelfu ya mara chini ya kioo. Ni matokeo mazuri sana. Lakini siku 28 ni siku 28.

Kipigo kinachotoka ndani

Tofali linapigwa na mvua kutoka nje. Jiwe la plutoniamu linapigwa na mgeni aliye chumbani.

Kila atomu ya plutoniamu-239 inapobadilika hurusha chembe ya alfa. Chembe hiyo husafiri maikromita kumi na kitu na kusukuma atomu mia kadhaa kutoka mahali pake. Uharibifu mkubwa uko nyuma yake: kiini kilichobaki hurudi kinyume kama bunduki inavyompiga mpigaji begani, na katika safari ya nanomita 20 au 30 tu huvuruga atomu zaidi ya elfu. Kwa miaka mingi, vidimbwi hivyo vya vurugu huungana mpaka fuwele nzima inapoteza mpangilio na kufanana na kioo. Huvimba pia. Zirkoni, madini ambayo wengi waliyaona imara kuliko yote, huvimba karibu asilimia 18. Zirkonoliti asilimia 5 hadi 6. Kuvimba kwa asilimia 18 maana yake ni nyufa, na nyufa ni mlango wa maji.

Hakuna anayeweza kusubiri miaka 24,100, kwa hiyo watafiti hutia plutoniamu-238, yenye nusu-maisha ya miaka 88 hivi. Hupiga kwa kasi ya mara 275 hivi, na miaka michache ya maabara husimama badala ya karne nyingi. Mwaka 2007 timu ya Ian Farnan wa Cambridge ilihesabu vurugu hiyo kwa mwangwi wa sumaku wa viini, ikaona kila mchomoko wa alfa katika zirkoni huhamisha atomu 5,000 hivi, zaidi ya makadirio ya awali. Zirkoni yenye asilimia 10 ya plutoniamu-239 ingepoteza mpangilio wake ndani ya miaka 1,400, muda mfupi mno kwa taka zinazodai miaka 241,000 ili zipungue mara elfu.

Wengine walihamia familia nyingine ya fuwele, piroklori, hasa ile ya gadoliniamu na zirkoniamu, ambayo inapopigwa haiporomoki kuwa kioo. Atomu zake hubadilishana viti na kubaki fuwele ya aina nyingine, sahili zaidi. Gharama yake ni moto: inataka nyuzi 1,500 na zaidi ili iive. Hata hivyo fuwele kupoteza mpangilio hakumaanishi lazima kuachilia mgeni. Zirkonoliti za asili kutoka Sri Lanka, zenye umri wa miaka milioni 550 hivi, zimevurugika kabisa kwa urani na toriamu yake yenyewe, na bado zinazishika.

Mtihani ulioandikwa Katanga na Kivu

Jambo moja husahaulika: fueli ya nyuklia yenyewe ni kauri. Ni vidonge vya oksidi ya urani, UO₂, vilivyochomwa kwa nyuzi 1,700 hivi. Nchi zisizochuja fueli zitavizika vidonge hivyo kama vilivyo. Na oksidi hiyo ina ndugu wa asili, uraniniti, ambayo ndiyo mawe meusi, mazito ya Shinkolobwe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500.

Chukua kipande kimoja kilichokatwa na kusuguliwa, kama vinavyoonekana katika makumbusho ya madini. Katikati ni cheusi, king'aacho kama lami. Kinachofuata ni utepe wa njano na rangi ya chungwa, wa madini ya skepiti na bekereliti. Katika nyufa, ambako metali ya risasi iliyozaliwa na urani yenyewe imekusanyika, kuna kuriti nyekundu ya chungwa na kasoliti, iliyopewa jina la Kasolo, mahali palepale pa mgodi. Pembezoni kabisa, maji yaliyoleta silika yamejenga sindano za njano za uranofani na sklodovskiti, yenye jina la ukoo wa Marie Curie. Rangi hizo ni kalenda. Maji ya mvua yenye oksijeni yaligeuza urani kutoka chaji +4, isiyoyeyuka, hadi +6, inayoyeyuka. Kila utepe ni hatua moja ya safari hiyo.

Mwaka 1992 Robert Finch na Rodney Ewing, Wamarekani waliojikita katika madini ya mionzi, walichapisha uchunguzi wa jinsi uraniniti inavyoliwa na maji yenye hewa, na mawe ya Shinkolobwe yalikuwa msingi wa kazi hiyo. Mfuatano huo huo, skepiti kwanza na uranofani baadaye, hujitokeza maabara pale vidonge vya fueli vinapodondoshewa maji kwa miaka. Jiwe lilikuwa limeshaandika jibu. Na jibu lina sehemu mbili: penye hewa na mvua, kauri hii haidumu; chini, ambako maji hayana oksijeni, imebaki nyeusi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa maoni yetu hili ndilo somo kubwa kuliko ubora wa mapishi yoyote. Kauri bora iliyozikwa pabaya itashindwa na kauri ya wastani iliyozikwa pazuri.

Kaskazini, katika Rutshuru, upande wa juu wa Goma, kilima cha Lueshe kimetoa somo la pili. Kina piroklori, ile familia ya fuwele iliyotajwa juu, na kimeyapa jina lake madini mamoja ya jamii ya perovskiti, lueshiti, yaliyoelezwa mwaka 1959. Huko mvua ya kitropiki imeingia katika piroklori na kufua sodiamu na kalsiamu kutoka vyumbani, ikaacha fremu ya niobiamu na oksijeni imesimama vile vile, na potasiamu na maji vikahamia ndani. Kwa macho, na hata kwa miale ya eksi, fuwele bado ni piroklori. Nyumba kusimama si ushahidi kwamba wapangaji wamo. Ndivyo ilivyo kwa perovskiti ya Synroc pia: ndiyo kiungo dhaifu zaidi kati ya vinne, kwa kuwa maji ya moto huchota kalsiamu na strontiamu na kuacha ngozi ya oksidi ya titaniamu iliyo nzima kwa nje. Mtafiti makini hupima maji yaliyotoka, hata pale ambapo picha ya fuwele haijabadilika.

Kwa wanaokutana na mawe hayo nje ya makumbusho: jiwe jeusi, zito kupita ukubwa wake, lenye ukoko wa njano, chungwa au kijani kikali, lisipondwe, lisichongwe, lisiwekwe chumbani. Alfa haipiti ngozi, lakini vumbi lake likishaingia mapafuni liko ndani ya ukuta wa ulinzi, na gesi ya radoni hutoka kwenye jiwe mchana na usiku. Nawa kabla ya kula, na nguo za mgodini zifuliwe peke yake. Watoto hupenda rangi hizo.

Mahali ilipofikia

Marekani ilichagua kauri ya piroklori ya titaniamu kwa plutoniamu yake ya ziada mwaka 1997, halafu ikauacha mradi huo mwaka 2002. Uingereza, yenye tani 140 hivi za plutoniamu ya kiraia huko Sellafield, ilitangaza Januari 2025 kwamba itaifunga isitumike tena, na kauri ya kukandamizwa kwa gesi ni mojawapo ya njia zinazoandaliwa. Ufini imejiandaa kuzika vidonge vyenyewe huko Onkalo, mita 400 na zaidi chini ya mwamba, ndani ya mikebe ya shaba yenye unene wa sentimita 5 iliyozungushiwa udongo wa bentoniti. Shaba ilichaguliwa kwa sababu ambayo mchimbaji yeyote wa Katanga angeielewa: mahali pasipo na oksijeni wala salfa, hubaki metali.

Kuna wageni wawili ambao jiwe la Ringwood halikuwapatia chumba kizuri. Teknetiamu-99, ya miaka 211,000, ikipata oksijeni huwa chumvi inayokwenda na maji popote yaendako. Lazima ipikwe ikiwa metali. Iodini-129 ina nusu-maisha ya miaka milioni 15.7 na huruka kama mvuke muda mrefu kabla tanuru halijafika joto la kuivisha titanati. Kwa hiyo inataka fuwele ya joto la chini, kama sodaliti, yenye vizimba vinavyotosha ayoni kubwa yenye chaji hasi, na sodaliti hiyo bado haijafikia uimara wa zirkonoliti mbele ya maji.